Picha Zimehamishwa: Nani Ameshuhudia Kwamba Zimefika Zote?

Misikiti ya wilaya zetu za Ngara na Biharamulo ina kumbukumbu za aina mbili. Zipo za karatasi: daftari la mihutasari ya vikao, stakabadhi za saruji na mabati, hati ya kiwanja, orodha ya wanafunzi wa madrasa. Na zipo zilizozaliwa ndani ya simu: picha za mahafali, za Maulidi, za msingi siku ulipochimbwa, za kisima kilipotoa maji kwa mara ya kwanza, za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Hizi za pili zimezipita zile za kwanza kwa wingi. Lakini karatasi zina kabati na kufuli, ilhali picha kwa miaka mingi hazikuwa na mlinzi. Alizipiga yeyote aliyekuwa na simu nzuri siku hiyo, akazipandisha katika akaunti ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa jina la msikiti, na habari ikaishia hapo.

Hatuingii hapa katika mjadala wa wanazuoni juu ya hukumu ya picha; mjadala huo una mahali pake na watu wake. Tunazungumzia picha ambazo tayari zipo, na nyingi kati yake ni amana za watu.

Uzito wake huonekana pale shida inapobisha hodi. Mzee mmoja alitoa kiwanja kuwa wakf, akasimama na mashahidi wake kwenye mpaka, penye ua wa minyaa, akapigwa picha akinyoosha mkono kuonyesha ulikopita mpaka huo. Mzee amefariki, na mashahidi wake wamebaki wachache. Minyaa nayo imekatwa. Siku jirani atakapodai kwamba mpaka ulikuwa hatua kumi ndani zaidi, picha ile itakuwa miongoni mwa vitu vichache vitakavyoweza kusema. Tena yuko binti aliyefiwa na mama yake akiwa mdogo, na picha pekee anayoijua ya mama huyo ni ile ya akina mama wakipika pilau ya Idd nyuma ya msikiti, mama yake akiwa wa tatu kutoka kushoto. Picha hiyo ikipotea, hakuna pa kwenda kuiomba nyingine.

Sisi wa Ngara tumeliona jambo hili kwa macho. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, wakapiga kambi Benaco. Katika miaka iliyofuata, mashirika kama UNICEF na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu yalitumia picha za watoto waliopotezana na wazazi wao, zikabandikwa na kupitishwa katika kambi za ukanda huu wa Maziwa Makuu ili ndugu wazitambue nyuso. Kwa familia ya namna hiyo, picha moja ilikuwa ndiyo njia ya mtoto kurudi kwao.

Kwa nini basi kuhama?

Sababu zipo kadhaa, na si zote za fedha. Wengi wetu tulizizoea huduma za mtandaoni zilipokuwa bure bila kikomo. Google Photos ilikomesha utaratibu huo tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo kila picha mpya inahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, ambazo hugawanywa na barua pepe pamoja na nyaraka nyingine. Aidha, mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na utekelezaji ukaanza Desemba mwaka huo. Akaunti ya msikiti ambayo nenosiri lake alilijua kijana aliyehamia Mwanza iko karibu sana na hatari hiyo.

Sababu nyingine ni sitara. Picha za akina mama katika khitma na harusi hazikupigwa ili zikae mahali ambapo hatujui nani ana ufunguo. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu ni miongoni mwa taarifa zake. Kwa ajili hiyo baadhi ya kamati, yetu ikiwamo, zimeamua kuwa na ghala la picha lililo mikononi mwao: kompyuta ya kawaida ofisini, diski mbili kubwa, na programu huria kama Immich, aliyoianzisha Alex Tran mwaka 2022, ambayo huzipanga picha kwa tarehe na nyuso kama zile huduma kubwa zinavyofanya, isipokuwa kila kitu kimo ndani ya chumba chetu.

Uamuzi huo ni mzuri. Lakini njia kati ya ghala la zamani na jipya ndipo picha zinapopotelea, na hupotea kimya kimya. Diski iliyokufa hujulikana siku hiyo hiyo. Picha arobaini zilizoachwa njiani kati ya maelfu hugunduliwa baada ya miaka mitano, akaunti ya zamani ikiwa imekwisha kufutwa.

Tusidhani kwamba haya huwapata wasio na utaalamu peke yao. Mtandao wa kijamii wa MySpace, uliokuwa maarufu sana Marekani, ulikiri Machi 2019 kwamba katika kazi ya kuhamisha seva zake picha, video na sauti zilizopandishwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena. Inakadiriwa kwamba nyimbo zaidi ya milioni 50 zilikwenda. Zilizorudi baadaye, zipatazo 490,000, zilirudi kwa sababu watafiti fulani walikuwa wamezinakili zamani kwa shughuli zao wenyewe. Kampuni yenye wahandisi na mitambo yote ile ilihamisha bila kuthibitisha.

Wanafunzi wa vyuo vyetu vya Kiislamu wanalifahamu somo hili kwa jina jingine. Wanazuoni wa hadithi walipokuwa wakinakili vitabu kwa mkono, kunakili kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni muqabala: nakala na asili huwekwa pamoja, mmoja akasoma na mwingine akafuatilia, neno kwa neno. Walipoishia siku hiyo waliandika pembezoni neno moja la Kiarabu, *balagha*, yaani amefika hapa, ili kesho waanzie pale pale. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, na baada yake Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643, wameieleza adabu hii kwa kirefu, na kitabu kisicholinganishwa hakikutegemewa hata kama mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza. Tulipokaa kupanga uhamisho wa picha za msikiti wetu, hatukuona sababu ya kubuni kanuni mpya. Tuliichukua muqabala, tukaitia katika kompyuta.

Hesabu kabla ya safari

Jambo la kwanza ni kufunga mlango. Tangu siku ya kuanza kuhamisha, picha mpya zisipandishwe tena kule kwa zamani. Ziwekwe kando mpaka kazi iishe. Huwezi kuhesabu mbuzi huku wengine wanaingia zizini.

Kisha ziandikwe hesabu za ghala la zamani kwenye daftari la karatasi: picha ngapi, video ngapi, na zaidi ya hapo, ngapi kwa kila mwaka na kwa kila albamu. Jumla kuu peke yake haifai sana. Ukiwa na hesabu ya kila mwaka, upungufu ukitokea utajua uende kuutafuta 2017 au 2021. Zikumbukwe pia pembe zinazosahaulika: picha zilizowekwa kwenye kumbukumbu iliyofichwa, zile za folda inayofungwa kwa namba ya siri, zilizomo ndani ya pipa la taka, na zile ambazo watu wengine walitushirikisha tukadhani ni zetu kumbe zimo katika akaunti zao.

Anayetoa picha zake Google Photos hutumia njia iitwayo Takeout. Picha hushuka katika vifurushi vya zipu, pengine kumi, pengine thelathini, na kiungo cha kuvipakua hudumu takriban wiki moja tu. Kwa intaneti ya kwetu hilo ni jambo zito. Sisi tulitumia vifurushi vya usiku, na kimojawapo kilikatika umeme ulipozimika. Faili lilionekana lipo, lina jina lake kamili, ila ukubwa wake haukufika nusu. Ndiyo maana kila kifurushi kiliandikwa daftarini kwa namba na ukubwa, na hakuna kilichotiwa alama mpaka kifunguliwe chote bila kutoa kosa. Wenye jamaa Mwanza au Dar es Salaam, ambako mtandao una kasi, wanaweza kumwomba apakue huko na kutuma diski kwa basi, mradi nakala moja ibaki naye mpaka diski ifike salama. Wanaoijua barabara ya Lusahunga hadi Rusumo hawatashangaa kwa nini tunasisitiza.

Katika vifurushi hivyo kila picha huambatana na faili dogo la maandishi la aina ya JSON, lenye tarehe na mahali ilipopigwa. Wengi huyaona mafaili hayo kuwa takataka na kuyafuta. Yasiguswe. Tena faili la JSON laweza kuwa katika kifurushi kimoja na picha yake katika kingine, hivyo vyote vifunguliwe mahali pamoja kabla ya kuingizwa ghalani.

Hesabu zinapogongana, na zinapolingana

Tuchukue mfano. Ghala la zamani linasema 9,400; jipya linasema 9,365. Zimepotea 35? Huenda ndiyo, huenda hapana. Picha moja ikiwa katika albamu mbili, Takeout huitoa zaidi ya mara moja. Immich kwa upande wake hukataa kuingiza faili ambalo tayari linalo. Simu nyingine hupiga picha pamoja na kivideo cha sekunde chache, na mahali pamoja huhesabiwa vitu viwili, mahali pengine kimoja. Tofauti ya hesabu ni swali, na swali lina haki ya kujibiwa kwa majina ya faili yaliyokosekana. Kamati isikubali jibu la "hizo ni nakala pacha tu" kutoka kwa mtu ambaye hajaziangalia.

La hatari zaidi ni kinyume chake. Hesabu zinaweza kulingana sawasawa na bado amana ikawa pungufu: picha kumi na mbili zimeachwa, pacha kumi na mbili zimeingia mara mbili, jumla ikabaki ile ile, na watu wakapeana mikono.

Hapo ndipo inapohitajika heshi. Ni hesabu ambayo kompyuta huifanya juu ya faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Kwa kanuni iitwayo SHA-256 mfuatano huo una alama 64. Faili mbili zilizo sawa kabisa hutoa heshi moja. Ikibadilika nukta moja ya rangi kwenye paa la msikiti, heshi yote hubadilika. Kompyuta za Linux zina amri ya sha256sum, na za Windows zina Get-FileHash. Hakuna cha kununua. Tulitoa orodha ya heshi za kila kilichopakuliwa, tukatoa nyingine ya kila kilichomo katika folda za asili za ghala jipya, tukazipanga zote mbili kwa mfuatano na kuiambia kompyuta itaje kila heshi iliyomo katika ya kwanza isiyomo katika ya pili. Majina ya faili hayatazamwi hapa, kwa kuwa ghala jipya laweza kuwa limeyabadilisha. Yanayotazamwa ni yaliyomo.

Hata hivyo heshi ina mpaka wake, na ni vyema kusema wazi. Inathibitisha kwamba kilichoshuka ndicho kilichoingia. Haithibitishi kwamba kilichoshuka ndicho chote kilichokuwapo, na ndiyo maana hesabu za miaka kwenye daftari haziachwi. Haitakwambia pia kwamba picha ilikuwa mbovu tangu kule. Kwa hilo yanahitajika macho. Picha zifunguliwe kwa ukubwa wake kamili, kwa sababu kijipicha kidogo chaweza kuonekana kizuri ilhali asili yake ni faili tupu. Video zichezwe mpaka mwisho. Video iliyokatika huanza vizuri kama nzima.

Kuhusu tarehe, tulitazama siku ya uhamisho yenyewe. Ghala likionyesha kwamba siku hiyo msikiti ulipiga picha mia tatu, hizo ni picha zilizopoteza tarehe zake na kurundikana hapo. Nyingi hutoka WhatsApp, ambayo huondoa taarifa za ndani ya picha inapozituma. Lakini simu za Android huzipa picha za WhatsApp jina lenye tarehe: IMG-20190604-WA0003 ilipokelewa tarehe 4 Juni 2019, nayo Idd ya mwaka huo iliangukia siku hizo hizo. Picha nyingi zilizodhaniwa hazina tarehe zilirudi mahali pake kwa kusoma jina tu.

Mashahidi

Baada ya kompyuta kusema yake, tuliwaita watu. Kila mmoja aliombwa, kabla ya kuonyeshwa chochote, ataje picha kumi anazozikumbuka. Wazee walitaja mambo ya kiwanja na ujenzi. Walimu wa madrasa walitaja wanafunzi. Akina mama walitaja vitu ambavyo hakuna mwanamume katika kamati angevifikiria: kitambaa fulani, sufuria fulani, nani alikuwa mjamzito mwaka gani. Kisha tukazitafuta moja moja.

Albamu za akina mama zilikaguliwa na akina mama wenyewe, wajumbe wawili, kwa nenosiri lao, wanaume hawakuzifungua. Tunadhani kamati nyingine zingefanya vema kuiga, kwa kuwa haingekuwa na maana kuhama kwa ajili ya sitara na kuivunja sitara hiyo wakati wa ukaguzi.

Kazi hii ya mashahidi ilitoa jambo ambalo mashine isingelitoa. Mwalimu mmoja aliitaja video ya marehemu ustadhi wake akiwasomesha watoto Juzuu Amma. Haikuwamo ghalani, wala katika vifurushi, wala katika akaunti ya zamani. Haikupata kupandishwa hata siku moja. Ilikuwa ndani ya kundi la WhatsApp na katika simu ya mzazi mmoja wa Nyakahura, tena simu yenye kioo kilichopasuka. Ilipatikana. Tangu hapo tumeamini kwamba orodha ya wanachokikumbuka watu ni ya lazima pamoja na orodha ya kilichomo kwenye mashine.

Ghala la nyumbani nalo laweza kuungua

Programu hizi za nyumbani hazijidai kuwa kinga. Watengenezaji wa Immich wamekuwa wakiwaonya watumiaji wao kwamba isiwe ndiyo hifadhi pekee ya picha zao. Kompyuta ya ofisi huibiwa, hupigwa na radi, hukatikiwa na umeme ikiwa katikati ya kuandika. Zinatakiwa nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe mbali na msikiti. Katika kunakili, isichukuliwe folda ya picha peke yake: kanzidata ya programu, inayokumbuka albamu, majina na nyuso, nayo ichukuliwe, la sivyo utarudishiwa lundo la picha bila mpangilio. Kisha ifanyike jaribio la kurejesha kwenye kompyuta nyingine, na zile orodha za heshi zitumike tena.

Mfano wa umuhimu wa nakala nyingi uko jirani tu, pwani ya Kenya. Hati za mkono za Msikiti Riyadha wa Lamu, msikiti alioasisi Habib Swaleh, zilipigwa picha za kidijitali kwa msaada wa programu ya Maktaba ya Uingereza inayoshughulikia nyaraka zilizo hatarini. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, tovuti yake ikazimika, na makusanyo yake mengi ya kidijitali yasifikike kwa miezi mingi. Taratibu za programu ile hutaka hati za asili zibaki zilikotoka na nakala za picha ziwekwe pia katika taasisi za huko. Maktaba kubwa ya London ilipofunga mlango, hati za Lamu zilikuwa Lamu.

Kwa upande wetu, diski ya pili iko nyumbani kwa mjumbe mmoja Ngara mjini, na ya tatu imehifadhiwa na ndugu zetu wa Biharamulo, ambao nao wametukabidhi ya kwao. Kila baada ya miezi mitatu daftari hufunguliwa, heshi hutolewa upya, na mkaguzi hutia saini na tarehe. Akaunti ya zamani bado iko wazi. Mjumbe mmoja alipendekeza ifutwe mara baada ya ukaguzi wa kwanza ili kuondokana na malipo. Kikao kilikataa, kikaamua ilipiwe mwaka mmoja zaidi. Hoja ya kuifuta itarudi mezani baada ya Ramadhani, na mwenyekiti ameagiza kwamba siku hiyo wale wajumbe wawili wa akina mama wawepo.